Jaketi Lililoshuka Bila Mwenyewe

Ukitoka stendi na kupanda barabara inayokwenda geti la mlima, kabla hujafika duka la kukodisha mahema, zamani ungeona upande wa kushoto mlango wa bluu wenye turubai juu yake la kuzuia mvua. Humo alikaa fundi nguo mmoja ambaye wapagazi walimwita Zipu. Hakushona magauni wala suti. Kazi yake ilikuwa nguo za mlimani tu: mifuko ya kulalia iliyopasuka, suruali zilizochanwa na meno ya chuma ya viatu vya barafu, glavu zilizofumuka vidole, na zaidi ya yote majaketi. Wageni wakishuka, waliyaacha au waliyatoa sadaka, na wapagazi waliyaleta kwake yakiwa hoi. Yeye aliyarudisha duniani.

Kati ya majaketi yote, aliyoyapenda ni yale ambayo watu wa mlimani huyaita majaketi laini. Koti gumu la mvua kila mtu analijua. Linakwaruza ukitembea, linazuia maji, lakini ukipanda nalo mwinuko kidogo tu unatota jasho ndani kama uliyejifunga kwenye mfuko wa plastiki. Jaketi laini ni habari nyingine. Kitambaa chake kinavutika, nje kimefumwa kwa kubanwa ili upepo usipite, ndani kina manyoya mafupi kama ya tumbo la paka, na jasho linapata njia ya kutokea. Kwa mvua kubwa linashindwa, Zipu hakumficha mtu hilo. Lakini kwa anayekwea mwamba au ukuta wa barafu, ndilo linalokaa mwilini asubuhi hadi jioni bila kuvuliwa.

Mkewe alikuwa kiongozi wa mlima. Watu walimwita Kamba, kwa sababu tangu aanze kazi hakuonekana barabarani bila kamba ya kukwelea imeviringishwa begani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miguu ya kukanyaga kwa uhakika na sauti iliyosikika kabla hajakunja kona. Walikutana pale pale kwenye mlango wa bluu. Alimletea jaketi lililopasuka kwapani, fundi akalishona, na wiki iliyofuata akarudi nalo likiwa limepasuka palepale.

"Umenishonea nguo ya kukaa kwenye kiti," alimwambia. "Mimi nikifika kule juu natumia mikono."

Zipu alilipokea. Akalifumua lote, akaweka kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi chini ya kila kwapa, akamwita ajaribu. Kamba alinyanyua mikono yote miwili, akaishusha, akainyanyua tena. Kisha akauliza kama fundi ameoa.

Mtaani walichekwa sana, maana mke ndiye aliyekuwa juu na mume chini. Kinyozi wa duka la pili hakuchoka na utani ule. "Zipu, mwenzio yuko mawinguni, wewe umebaki na vifungo," alisema kila Kamba alipopanda.

"Kila nyumba ina wa juu na wa chini," Zipu alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Kwako wewe hata wa chini hayupo."

Kinyozi hakuwa ameoa. Wateja walicheka hadi nyembe zikasimama.

Binti yao alipoanza shule, Zipu aliamua kumshonea mkewe jaketi lake mwenyewe, la kutoka mwanzo, si la kuunga masalio ya wageni. Kitambaa kizuri cha kijani alikipata kwa mtu aliyekuwa akifunga karakana yake mji mwingine, ila hakikutosha. Mkono mmoja ikabidi uwe wa kijivu. Alilala na kuamka na kazi ile. Mgongo aliurefusha ili mkwezi akijikunja upepo usimwingie kiunoni. Mifuko aliipandisha juu, karibu na mbavu, kwa sababu mkanda wa kukwelea ukifungwa hufunika mifuko ya kawaida. Kofia aliipanua ipite juu ya helmeti. Viwiko akavikunja kidogo kwenye ukataji, ili mkono ukiinuliwa jaketi lisiinuke nao.

Siku ya kulijaribu, Kamba hakuridhika kusimama mbele ya kioo. Alishika fremu ya mlango wa chumbani, akaweka mguu mmoja huku, mmoja kule, akapanda hadi kichwa kikagusa dari.

"Tumbo linaonekana?" aliuliza kutoka kule juu.

"Halionekani," alisema binti, akicheka kwa kujishika mbavu.

"Mgongo je?"

"Mgongo umefunikwa," alisema Zipu. "Shuka, utaning'olea mlango."

"Sishuki. Niletee chai hukuhuku."

Ndivyo walivyoishi. Akiwa mlimani, fundi na binti yake walikula mapema, wakatazama kilele kama kinaonekana, wakalala. Akirudi, nyumba nzima ilijaa viatu, soksi zenye unyevu na hadithi.

Kisha ikaja habari ya dada yake Zipu.

Dada huyu alikuwa mdogo wake wa mwisho, mtu wa maneno machache, mwembamba, mwenye tabia ya kusimama karibu na mlango hata alipokaribishwa kiti. Ndoa yake ilivunjika vibaya. Mumewe alimwambia mbele ya watu kwamba kuwepo kwake nyumbani na kutokuwepo ni sawasawa. Alikuja kwa kaka yake na begi moja, akapewa kochi la sebuleni, na tangu asubuhi ya kwanza akawa anaamka kabla ya wote ili wasimkute amelala. Kamba alimpenda wifi yake kwa namna yake ya makelele. Alimtania, alimsukasuka, alimwambia aache kuomba radhi kwa viti. Binti ndiye aliyemzoea zaidi, shangazi na yeye wakawa wanalala chumba kimoja.

Ni Zipu aliyeanza kusema atafutiwe kazi mlimani.

"Mchukue hata kama mpagazi wa kubeba vyombo vya jikoni," alimwambia mkewe. "Hapa ndani anasinyaa."

"Mlimani hakumfai kila mtu anayesinyaa," alisema Kamba. "Aanze na safari za chini, za msituni. Huku nakopanda sasa ni theluji na upepo. Watu wazima wanalia."

"Ana nguvu kuliko unavyomwona."

"Nguvu anazo. Hajui kusema amechoka, ndilo tatizo lake. Mtu asiyesema amechoka nitamjuaje?"

Zipu alishikilia. Alirudia asubuhi, akarudia mezani, kwa upole ule wake usiokwisha, mpaka Kamba akatupa mikono. "Haya. Nitapanda naye. Ila macho yangu nitayagawa, fundi wangu, na mimi sipendi kugawa macho kule."

Zipu alimtafutia dada yake suruali nene na koti gumu la mvua lililokuwa dukani. Chini ya koti, dada alivaa sweta lake mwenyewe la pamba, la kutoka nyumbani kwake, na fundi alimwambia pamba haifai mlimani, ikilowa jasho haikauki. Dada akasema atalivua wakifika kambi ya kwanza. Wakaagana hivyo, kwa haraka, gari likiwa linapiga honi.

Walikuwa wageni wawili wakwezi, Kamba, msaidizi wake, na wapagazi wachache, dada akiwa mmoja wao. Hali ya hewa ilianza vizuri. Halafu asubuhi moja mtaa uliamka ukakuta mlima haupo. Wingu lilishuka hadi kwenye mabati, na upepo uliokuja nalo ulipeperusha turubai la fundi likaenda kunasa kwenye nyaya za umeme. Mchana mlinzi wa geti alikuja mwenyewe dukani, kofia mkononi. Alisema wamepata ujumbe wa redio kutoka kibanda cha juu, unakatikakatika. Mtu mmoja hajafika. Wengine wameanza kushushwa. Hawakusikia ni nani.

Zipu alizima cherehani. Binti alikuwa shuleni, akamwomba kinyozi amchukue akitoka. Akapanda getini kwa miguu.

Pale getini kulikuwa na benchi, lakini hakukaa. Alisimama mwanzo wa njia, mahali ambapo miti inaacha kufunika njia na unaweza kuona kipande cha mteremko. Ukungu ulifunga na kufunguka. Walipita wapagazi wawili, hawakujua lolote, walikuwa mbele. Akapita mgeni mmoja akiwa amekokotwa. Mlinzi alimletea chai, ikapoa mkononi.

Kisha ukungu ukafunguka tena, na aliliona jaketi kabla ya kumwona mtu. Kijani, mkono mmoja wa kijivu, koti la mvua limefungwa kiunoni. Kofia imevaliwa. Linashuka taratibu, peke yake, likishika mawe.

"Yule," alimwambia mlinzi. "Yule pale ni wa kwangu."

Mlinzi anasema hakuwahi kumwona mtu mzima akikimbia vile kupanda mlima. Fundi yule, mtu wa kukaa, mwenye mgongo wa kuinama, alikimbia akiteleza kwenye matope, akianguka, akiinuka, akiita. Alikuwa anacheka. Alifika hatua chache kutoka kwake na mikono yake imeshafunguka.

Mtu yule akavua kofia. Alikuwa dada yake.

Hili ndilo ninalotaka lieleweke, maana ndilo lililoharibu kila kitu baadaye. Zipu alimpenda dada yake. Alimlea mgongoni. Lakini mtu hatawali uso wake wakati kama ule. Furaha iliyokuwa usoni ilizimika palepale mbele ya macho ya dada, mikono ikashuka, na kabla hajamuuliza kama amepona, kabla hajamgusa, alimsogeza pembeni kwa kiganja, kama mtu anavyosogeza pazia, ili aone njia iliyokuwa nyuma yake.

Njia ilikuwa tupu.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Kaka," alisema dada. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa baridi. "Kaka, wamebaki wanamtafuta."

Walimleta kesho yake, kwenye machela.

Yaliyotokea kule juu Zipu alielezwa na msaidizi, aliyekaa sebuleni akiwa amefungwa bandeji vidoleni na akasimulia yote akitazama sakafu. Wakiwa kwenye tuta jembamba kati ya kambi ya mwisho na kibanda, dhoruba iliwakuta. Kamba aligundua kwamba wifi yake amenyamaza kupita kawaida na anakanyaga vibaya. Akamfungua koti. Sweta la pamba lilikuwa bado ndani, limelowa jasho chapachapa na limeanza kukakamaa. Dada hakulivua kambini. Aliona haya kubadilisha nguo mbele ya wanaume. Kamba alimvua palepale nyuma ya jiwe, akamvisha jaketi lake mwenyewe kavu, lenye joto la mwili wake, na koti gumu juu yake. Yeye akabaki na fulana ya ndani na koti la mvua. Hilo lingetosha kufika kibandani, maana hakikuwa mbali. Lakini mgeni wa pili alikuwa amejifungua kwa woga kutoka kwenye kamba iliyowaunganisha na kurudi nyuma peke yake. Kamba alimwamuru msaidizi awapeleke waliobaki kibandani, akarudi kumtafuta mgeni. Alimpata. Alimleta hadi mahali ambapo mgeni aliweza kusikia sauti za watu na kujikokota. Yeye hakuweza tena.

"Hata angekuwa na lile jaketi," alisema msaidizi, "upepo ule, fundi... sidhani kama lingebadilisha kitu."

Wote walimwambia hivyo. Kiongozi mkuu wa vikosi vya uokoaji alimwambia hivyo, mlinzi alimwambia hivyo, kinyozi, ambaye hakuwahi kupanda hata nusu ya njia, alimwambia hivyo. Zipu aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amelishona mwenyewe. Alijua lile jaketi linazuia upepo kiasi gani.

Walimzika upande wa juu wa makaburi. Wapagazi walikuja wengi, na kamba yake ilibebwa na msaidizi hadi pale, kisha akampa binti. Dada wa Zipu alikaa jikoni siku zote zile. Alipika, akaosha vyombo vya watu, akalala kwenye kiti, akaamka akapika tena. Kaka yake alipoingia jikoni alimwambia "asante" kwa kila sahani, kwa adabu kabisa, kama anayemshukuru mhudumu.

Watu walipotawanyika, dada alimjia mezani asubuhi moja. Alikuwa amelikunja jaketi vizuri, mikono imelazwa kifuani, akaliweka mbele yake.

"Nimekurudishia, kaka."

Zipu alilichukua kwa mikono miwili, akainamisha uso wake ndani ya kola. Alikaa hivyo. Kisha akainua uso.

"Umelifua," alisema.

"Lilikuwa na matope. Sikutaka nikurudishie likiwa chafu."

Lilinukia maua ya dukani. Alikuwa amelifua kwa sabuni ya unga, akalisuuza kwa ile dawa ya kulainishia nguo, akalianika, akalipiga pasi ya uvuguvugu. Moshi wa jiko la kibandani, mafuta ya nywele, jasho la mwenyewe, hakuna kilichobaki hata kwenye mshono. Dada alikuwa amefanya kwa mikono yake yote miwili kazi nzuri kuliko zote alizojua.

Zipu angeweza kusema mambo mengi. Alichosema kilikuwa hiki: "Jaketi kama hili halifuliwi na dawa ya kulainisha. Inaziba kitambaa. Halitoi jasho tena, na maji yanapenya badala ya kuteleza. Umeliua."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ya dukani. Dada alisimama karibu na mlango.

"Sikujua, kaka."

"Sasa unajua."

Haikupita wiki akaondoka. Alimuaga mtoto akiwa amejiandaa kwenda shule, akamfunga kiatu, akatoka na lile begi lake moja. Kaka yake alimsikia akifunga mlango polepole usipige kelele, na hakuinuka.

Baada ya hapo fundi alibadilisha kazi. Alikataa nguo za mlimani. Alishona mapazia, mashuka, sare za shule, vitu vilivyonyooka visivyo na kwapa wala kofia. Wapagazi waliendelea kumletea majaketi kwa mazoea, naye akawaelekeza kwa fundi wa chini, karibu na stendi. Alilitia lile la kijani kwenye mfuko, akaweka mfuko juu ya kabati. Aliamka, akamtengenezea binti chai, akamsuka nywele kwa vidole vizito mpaka mtoto akajifunza kujisuka mwenyewe. Kinyozi aliacha utani. Alihamishia kiti chake nje, akawa anakaa karibu na mlango wa bluu wasipokuwepo wateja, kimya, mtu na mwenzake.

Binti alikua katika ukimya huo. Hakuwa mtoto wa kuuliza sana, lakini siku moja walikuwa wanakunja mashuka ya mteja, yeye ncha hizi, baba ncha zile, akauliza.

"Baba, angeshuka mama, akabaki shangazi, ungelia?"

Zipu alisimama na ncha za shuka mkononi.

"Ningelia," alisema.

"Sana?"

Baba alinyoosha ncha zake za shuka.

"Mimi namkumbuka shangazi," alisema binti. "Nyumba hii watu wawili wameondoka. Tunamlilia mmoja."

Fundi alimaliza kukunja shuka. Jioni akamuuliza msaidizi wa marehemu kama anajua dada yake aliko. Msaidizi alijua. Kumbe yeye alikuwa anamjulia hali muda wote ule.

Dada alikuwa anafanya kazi ya kufua katika hospitali moja, mji wa tambarare, mwendo wa nusu siku kwa basi. Zipu alifika mchana. Alielekezwa nyuma ya majengo, penye uwanja wa kamba za kuanikia, mashuka meupe safu kwa safu. Dada yake alitokea katikati ya safu mbili akiwa na kapu la vibanio. Alikonda zaidi. Alipomwona kaka yake aliweka kapu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akabaki amesimama palepale.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Mtoto mzima?"

"Mzima. Anakusalimu."

Waliketi kwenye benchi la ukutani. Upepo ulicheza na mashuka. Zipu alikuwa ameyapanga maneno njia nzima ndani ya basi, lakini dada ndiye aliyeanza.

"Umekuja kusema ulifurahi kuniona siku ile?" aliuliza dada, bila ukali. "Usiseme, tafadhali. Ukisema hivyo nitarudi kwenye kazi yangu."

"Sitasema."

"Maana nilikuona."

"Najua uliniona," alisema Zipu. "Nilitaka awe yeye."

"Na mimi pia nilitaka awe yeye. Nilishuka njia nzima nikiwaza hivyo." Alikunja na kukunjua ukingo wa aproni. "Kuna kitu sijamwambia mtu. Nilikuona mapema, kaka, kabla hujaanza kukimbia. Nilijua umeliona jaketi ukadhani ni wifi. Ningeweza kuvua kofia palepale, nikupungie mkono, usisumbuke na matope yale. Sikuvua. Ulivyokuwa unakuja, unaanguka, unacheka... Sijawahi kukimbiliwa vile na mtu yeyote maishani mwangu. Nikasema acha nikimbiliwe kidogo."

Fundi aliweka mikono yake juu ya magoti, akaitazama. Alianza kulia bila sauti, mabega tu, na dada yake hakumshika wala hakuondoka. Muuguzi mmoja alipita na toroli, akawaona, akageuza njia.

Alipotulia, Zipu aliuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mtu, hata msaidizi. "Alipokuvisha. Alisema chochote?"

"Kaka, hilo niache nalo."

"Alisema nini?"

Dada aliyatazama mashuka.

"Nilikuwa nakataa. Nilimwambia, wifi, wewe je? Akawa anacheka, unajua alivyokuwa, upepo unapiga hivi na yeye anacheka. Ananivuta mkono kuuingiza kwenye jaketi kama mtoto. Akasema, 'Vaa, mama. Nikikushusha umeganda, yule kaka yako atanung'unika hadi nizeeke. Humjui anavyokupenda yule.'"

Upepo ulisimama, mashuka yakaning'inia wima.

"Ndiyo maana sikusema," alisema dada. "Niliona ukilisikia, litakuumiza."

"Limeniumiza," alisema Zipu. Kisha akasema, "Lirudie."

Akalirudia. Akalirudia pamoja na kicheko chenyewe, kwa kadiri alivyoweza kukiiga, na hakikufanana.

Kengele ya kazi ililia, akainuka kuchukua kapu lake. Kaka yake alimsaidia kuanua safu ile ya mwisho, wakakunja pamoja, ncha kwa ncha, mpaka msimamizi wake akatoka kuangalia ni nani yule mgeni. Dada alimwambia ni kaka yake, amekuja kumtembelea.

Hakurudi kuishi nao. Zipu alimwomba mara moja tu, naye akasema hapana, hapa amepata chumba chake na kitanda chake, haamki tena kabla ya watu. Lakini shule zikifungwa, binti alikwenda kukaa kwake, na fundi mwenyewe ndiye aliyempeleka. Walikunywa chai, watatu, wakaongea habari za masomo na bei ya vitambaa. Msaidizi naye alianza kuonekana hapo mara kwa mara, akija na matunda na visingizio, na hakuna aliyemkataza.

Fundi alizeeka haraka. Mpaka leo hashoni nguo za mlimani, na mlango wa bluu ulishapakwa rangi nyingine na mwenye nyumba. Asubuhi, wingu likiwa limefunguka na kilele kikaonekana, hutoka nje na kikombe chake, akasimama kidogo na kutazama juu. Kinyozi humsogezea kiti. Hukaa, na chai yake huinywa yote.